Kamera Mpya, Dari la Zambarau

Kwenye harusi za Dar es Salaam kuna watu wawili ambao chakula huwapita wakikitazama: bibi harusi, aliyebanwa na gauni, na mpiga picha, aliyebanwa na ratiba. Bibi harusi angalau hulishwa keki mbele ya watu. Mpiga picha husubiri foleni ya chakula iishe, na ikiisha hukuta wali umebaki ukoko na nyama imebaki harufu. Mtu wa namna hiyo, mwenye njaa, miguu imevimba, karibu kilo mbili za chuma na lenzi zikimning'inia shingoni tangu alfajiri kule saluni, ndiye anayetakiwa aamue kwa akili timamu kama anunue kamera mpya au aendelee na ya zamani.

Tumchukue mmoja wao, mkazi wa Sinza. Mashine yake ni Canon 5D Mark III, iliyotangazwa Machi 2012, enzi ambazo maharusi walikuwa bado wanadai picha zao kwenye CD. Rangi nyeusi imebambuka kwenye kona hadi chuma kinang'aa. Ule mpira wa kushikia ulirudishwa mahali pake kwa gundi ya fundi viatu, kwa hiyo Januari unanata kidoleni na Julai unafunguka wenyewe. Lakini inapiga. Megapikseli 22.3, pointi 61 za kufokasi, picha sita kwa sekunde. Kamera hizi zimepiga harusi dunia nzima kwa miaka, na haijasikika ndoa iliyovunjika kwa sababu yake.

Wasiwasi ulimwingia kupitia mdomo wa kijana mmoja wa video. Kijana alikuja ukumbini na kamera ndogo inayojaa kiganja, akampima jamaa kwa macho kuanzia mkanda hadi lenzi, kisha akasema kwa heshima zote: "Shikamoo kaka. Hiyo bado inapiga?"

Shikamoo ile ndiyo iliyouma. Walikuwa hawajapishana hata miaka sita.

Tofauti ya kamera hizo mbili iko ndani. Katika ile ya zamani kuna kioo kilicholazwa mshazari mbele ya sensa, kinachopeleka taswira juu kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka, shata inafunguka na kufunga, kioo kinarudi: klap! Mlio huo ndio uliowafundisha Watanzania wengi kwamba tayari wamepigwa, sasa wanaweza kupumua. Kamera za siku hizi zimekitoa kioo. Sensa inatazama muda wote, inatambua uso, ndani ya uso inatafuta jicho, na mpiga picha anachungulia kiskrini kidogo badala ya taswira yenyewe.

Kijiweni ushauri ulikuwa mwingi na wa bure. Wapiga picha wana madhehebu. Mtu wa Sony atakukumbusha kwamba a7 III ya mwaka 2018 ilikuja na nafasi mbili za kadi wakati EOS R ya Canon na Z6 ya Nikon, za mwaka huohuo, zilikuja na moja moja. Mtu wa Nikon atajibu kwamba D750 yake ya mwaka 2014 ina nafasi mbili na haijawahi kumdai chochote zaidi ya betri. Mtu wa Canon atanyamaza hadi 2020, ilipotoka R6 yenye nafasi mbili, kisha hanyamazi tena. Ukimsikia mtu wa Sony anakushauri ununue Canon, mshike paji la uso, huenda ana malaria.

Hapo pana jambo linalofaa kutazamwa kwa makini, maana linawachanganya hata watu wazima. R6, ambayo jamaa alianza kuiota usiku, ina megapikseli 20.1. Ile kuukuu yake ina 22.3. Yaani anatakiwa atoe mamilioni ili apunguziwe. Alipolieleza hilo kijiweni, mzee mmoja wa studio ya picha za paspoti alicheka hadi akashika ukuta. Ukweli ni kwamba pikseli zimeshatosha zamani. Picha ya megapikseli 20 ina upana wa nukta 5,472 na kimo cha nukta 3,648. Ukiichapa kwa nukta 300 kila inchi unapata inchi 18 kwa 12, ukurasa mzima wa albamu kubwa. Na wateja wenyewe picha wanazitaka WhatsApp, ambako zinabanwa na kusagwa kabla hazijamfikia shangazi wa Songea.

Basi jamaa akampelekea mkewe hoja. Mkewe ndiye mwenye daftari la mahesabu, na daftari hilo halina ukurasa wa ndoto. Hakuuliza bei. Alisema: "Baba watoto, kabla hatujafika kwenye hela, nionyeshe picha zilizoharibiwa na kamera."

Wakakaa mbele ya kompyuta na folda iitwayo "Zilizokataa", ambayo kila mpiga picha anayo na hakuna anayeionyesha.

Picha za kwanza zilikuwa za maharusi wa zambarau. Sura zambarau, shela zambarau, hata meno. Mke akadhani ni ugonjwa. Maelezo yake ni haya: flashi ikimulikwa moja kwa moja usoni inatoa sura bapa na kivuli kikali ukutani, kwa hiyo fundi huielekeza juu, mwanga ugonge dari jeupe na kushuka umelainika. Kanuni nzuri sana, iliyoandikwa na mtu ambaye hajaingia ukumbi uliopambwa Dar es Salaam. Hapa dari halionekani. Limefunikwa vitambaa kutoka kona hadi kona, vya rangi ambayo kamati imekubaliana baada ya vikao vingi, na mwanga ukigonga kitambaa cha zambarau unarudi zambarau. Juu ya hapo kuna taa za LED za mpambaji zinazobadilika rangi kwa kufuata muziki. Rangi nyeupe ya shela haipo tena popote ukumbini. Ilibaki kwenye gari.

"Hii kamera mpya inaona dari?" mke akauliza.

Haioni.

Folda ikaendelea. Busu la kanisani: katikati ya njia amesimama mama mdogo wa bibi harusi ameinua tableti yenye ukubwa wa sinia, na busu lenyewe linaonekana ndani ya tableti tu. Keki: mgongo wa mshereheshaji, suti ya buluu, imefokasiwa vizuri mno. Ndafu ikiingia: moshi, vifijo, na nusu ya mbuzi. Picha za kuvishana pete katika ndoa moja ya Bunju hazikuwepo kabisa, kwa sababu betri iliyoandikwa "imejaa" haikuwa imejaa; usiku uliotangulia kuna mtoto alichomoa chaja ili achomeke simu, na katika nyumba ile yuko mtoto mmoja tu mwenye simu. Betri ya kamera ile ikijaa hukadiriwa picha 950. Ikichomolewa saa tatu usiku, hukadiriwa aibu.

Mke alikuwa anaandika. Kwenye safu ya mashtaka: dari, mama mdogo, mshereheshaji, mbuzi, mtoto. Kamera ilikuwa bado safi.

Halafu zikaja picha za kuingia ukumbini. Hapo jamaa akakaa vizuri kwenye kiti, maana alijua ushahidi wake uko wapi. Maharusi wanapoingia, taa zote huzimwa. Mtu wa moshi anafungulia moshi. Kilichobaki ni taa ya mtu wa video, inayomulika kutoka pembeni kisha inahamia kwa wapambe wanaocheza, na maharusi wanakuja wakinesanesa kwa mwendo ambao hakuna aliyeufanyia mazoezi mbele ya mpiga picha. Lenzi huhangaika, inakwenda mbele, inarudi nyuma, mfano wa mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Ikitulia, imetulia kwenye ua la plastiki. Folda ilikuwa na maua ya plastiki ya kutosha kupamba ukumbi mwingine.

Hilo ni kosa la kamera yenyewe kweli, na linapimika. Watengenezaji hueleza kiwango cha giza ambacho kamera inaweza kufokasi kwa kipimo cha EV. Kila namba inaposhuka kwa moja, mwanga umepungua nusu. 5D Mark III inaishia EV −2. R6 imeandikiwa EV −6.5. Tofauti ya hatua nne na nusu maana yake ni mwanga hafifu zaidi ya mara 20. Kiwango hicho cha R6 kilipimwa kwa lenzi ya f/1.2, yenye tundu pana la kupitisha mwanga, na lenzi ya namna hiyo Sinza huiona kwenye picha. Ukitumia lenzi ya f/2.8 kama watu wengine, pengo linapungua, ila halifutiki.

Shtaka la pili lilikuwa la kadi. 5D Mark III ina nafasi mbili, moja ya CF na moja ya SD, ili kila picha iandikwe mara mbili na kadi moja ikifa harusi isife nayo. Kwenye karatasi ni bima. Lakini tundu lake la SD ni la mwendo wa zamani, na ukiandika kotekote kamera nzima hufuata mwendo wa huyo anayechechemea: mara maharusi wanarusha ua, na kamera inakuomba usubiri. Kwa hiyo jamaa, kama wengi, alikuwa ameacha kuandika mara mbili. Kila Jumamosi anabeba ndoa ya watu kwenye kadi moja ndogo tu, mfukoni pamoja na chenji ya bodaboda. Mke alipolisikia hilo aliweka kalamu chini.

"Kodi hiyo mpya wiki moja," akasema. "Tuone."

Jamaa akakodi R6, na adapta ya kuvalia lenzi zake za zamani, maana mdomo wa kamera mpya haufanani na wa zamani. Mkononi aliisikia nyepesi: gramu 680 pamoja na betri, wakati ile yake inafika 950. Asubuhi kanisani akaiweka kwenye shata ya kielektroniki, ambayo haina mlio kabisa. Padri alifurahi. Wakati wa viapo ulisikika upepo wa feni na mtu mmoja akipiga chafya, basi.

Nje ya kanisa matatizo yakaanza. Ukoo wa bwana harusi ulipangwa kwenye ngazi, watu arobaini na kitu, wazee mbele kwenye viti. Jamaa akapiga, akapiga tena, akawaashiria watawanyike. Hakuna aliyetikisika. Wamebana tumbo, wamekaza shingo.

"Tunakusubiri wewe, mwanangu," akasema babu wa mbele.

"Nimeshapiga, babu."

"Sijasikia."

"Hii hailii, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa piga."

Ikabidi msaidizi asimame pembeni na kila mara bosi wake akibonyeza, apige ulimi kwa nguvu. Ukoo ukaridhika. Ukoo wa bibi harusi nao ukataka hivyohivyo, na msaidizi alimaliza siku akiwa hawezi kula pilipili.

Ukumbini flashi iligoma. Jamaa alibadilisha betri, akaifuta miguu ya flashi kwa shati, akaichomoa na kuichomeka, akamtazama msaidizi kwa jicho la kumshuku. Flashi haikuwa na neno. Kwenye R6, ukiwa umebaki kwenye shata ya kielektroniki, flashi haiwaki, ndivyo ilivyoundwa. Na yeye alikuwa bado yuko kanisani kimipangilio. Kabla hajagundua, alipiga picha kadhaa kwa mwanga wa taa za LED, na zote zikatoka na michirizi ya mlalo, myeusi na myeupe, pundamilia kwenye shela. Taa nyingi zinazotumia umeme wetu wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila shata ya kielektroniki husoma picha mstari kwa mstari na inanasa mawimbi yote. Dawa yake ni kurudi kwenye shata ya kawaida na kushuka hadi sehemu moja ya 100 ya sekunde, au ya 50, japo taa za mpambaji wakati mwingine zina mapigo yake yasiyomsikiliza mtu.

Tukio la siku lakini lilikuwa la mheshimiwa. Wakati wa zawadi, shangazi mmoja alijifunga kiunoni kanga ya kampeni, yenye sura ya mgombea ikitabasamu katikati ya duara, akaingia kucheza mbele ya meza kuu. Kamera mpya kazi yake ni kutafuta macho, na macho iliyapata. Kila shangazi alipogeuka, kisanduku cha fokasi kilimwacha bibi harusi na kwenda kumkaa mheshimiwa kwenye jicho la kushoto. Picha zimetoka safi ajabu: mgombea anahesabika kope, na nyuma yake, kwa mbali, kuna ukungu mweupe unaoolewa.

Halafu taa zikazimwa, moshi ukafunguliwa, na maharusi wakaingia kwa mara ya pili baada ya kubadili nguo.

Jumapili jamaa alimwonyesha mkewe picha hizo bila kusema kitu. Jicho la bibi harusi, kali. Inayofuata, kali. Inayofuata, bwana harusi ameteleza kidogo, mpambe amemdaka kiwiko, wote wanacheka, na mwanga wa video unapita kwenye moshi nyuma yao. Kali. Ua la plastiki lilikuwepo pembeni, limefifia, likijua nafasi yake. Mke alizirudia taratibu, akaivuta moja kwa karibu hadi kwenye kope, akanyamaza kwa muda ambao kwa kawaida hugharimu pesa.

Alizungumza alipoona idadi. Shata ya kielektroniki ya R6 hukimbia hadi picha 20 kwa sekunde, na kidole cha mtu mwenye kamera ya kukodi hakina huruma. Roli ya filamu ya milimita 35 ilikuwa na picha 36, na mafundi wa zamani walimaliza harusi nzima kwa roli chache wakihesabu moyoni. Jamaa alirudi na mafaili maelfu, mengi yakiwa bibi harusi yuleyule akikunja kope ileile kwa hatua ndogondogo. Kuyachagua kulikula siku nyingi zaidi za kazi kuliko harusi yenyewe. Hicho kipengele hakimo kwenye tangazo la kamera yoyote, nami sielewi kwa nini wauzaji wa diski ngumu hawawapi watengenezaji kamera asante kila mwaka.

Ilibaki hela. R6 ilipotoka ilitangazwa kwa dola 2,499 bila lenzi. Kwa shilingi 2,500 kwa dola hiyo ni zaidi ya milioni 6, bado hujalipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, bado adapta, bado kadi mbili za mwendo kasi na betri za akiba, maana kamera zisizo na kioo hunywa chaji. Iliyotumika ni nafuu, ila ina fitina zake. Shata ina umri: ya 5D Mark III ilitengenezwa kuhimili mizunguko 150,000, na anayepiga picha 2,000 kila harusi huifikia kwa harusi 75. Nyingine hupita hapo bila kelele, nyingine hufia kwenye viapo. Canon, tofauti na Nikon, kwa kawaida hawaandiki hesabu hiyo ndani ya faili la picha. Lazima uiunganishe kamera na kompyuta yenye programu yake. Kariakoo ukiomba kufanya hivyo utaambiwa hakuna haja, hii ilikuwa ya mtalii, alipiga twiga wawili akaondoka.

Uamuzi wa mke ulikuja kwa mafungu. Kwanza flashi ya pili, stendi na mwamvuli mweupe, ili dari la zambarau lisihusishwe tena na sura ya mtu. Hivyo vyote havikufika hata robo ya bei ya kamera, na vilimaliza sehemu kubwa ya folda ya "Zilizokataa". Pili, chaja ihamie chumbani kwao na mlango ufungwe. Tatu, R6 iliyotumika, baada ya kupimwa mizunguko, kwa malipo ya awali ya harusi za Desemba, msimu ambao watu wa Moshi wanarudi kwao na ndoa zinafungwa kwa mkupuo. Ile 5D Mark III isiuzwe. Ivaliwe lenzi ndefu, ikae begani kama mashine ya pili, na ipige picha za koo zote mbili, kwa sababu inalia. Nne, bei ipande.

Hilo la nne ndilo lilimpeleka jamaa mbele ya kamati moja ya harusi huko Tabata, soda mezani, daftari la michango limefunguliwa. Mweka hazina alikuwa mzee mstaafu, mtu wa miwani mbili, ya kusomea na ya kukatalia.

"Mwanangu, mwaka jana ulimpigia binti yangu mkubwa kwa laki nane. Leo unasema milioni na laki mbili. Kimeongezeka nini?"

"Mzee wangu, mashine ni mpya. Hizi za kisasa hazina kioo."

Mzee akabadilisha miwani. "Haina kioo?"

"Haina, mzee."

"Na ile ya mwaka jana ilikuwa nacho?"

"Ilikuwa nacho."

Mzee akamgeukia katibu. "Andika laki saba."